Kigelegele cha Yasinta

Takoma Park, Maryland
Jumatatu, mwisho wa Septemba

Dada Perpetua, shikamoo.

Na shikamoo nyingine ni ya miguu yako, maana Festo ameniambia imevimba tena na wewe bado unapanda kilima kwenda kanisani kwa miguu wakati bodaboda zimejaa hapo mlangoni. Kaa chini, Dada. Kanisa halihami. Kaka Fidelis kifua chake kimetulia? Na huko Morogoro mvua zimeanza kunukia, au bado mnakula vumbi? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Ya moyoni ndiyo yamenikalisha hapa niandike.

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Mama Joel wa kanisani kwetu anakuja kumwona mama yake, nikasema heri nimpe bahasha. Kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Unaweka spika, Yasinta anapita nyuma anasikia, mimi nalia, wewe unanikaripia, mtandao unakata. Na swali lako la juzi linataka mtu aliyetulia. Umeniuliza: "Kandida, unakuja kwenye sendofu ya mwanao au huji? Kamati wanataka jibu, na mimi nimechoka kuwaambia unaangalia uwezekano." Ukaongeza kwamba kama siji, mwenyekiti wa kamati amepata wazo: watatundika skrini kubwa ukumbini, nikae pale juu, Yasinta anione, nimkabidhi kwa upande wa bwana kwa simu. Jibu langu liko humu ndani. Usiruke mistari kulitafuta, nakujua.

Hali yangu ni hii. Ombi langu la karatasi bado liko kwenye meza za watu, na jina la mwanangu Festo limo ndani yake pamoja na langu, ili naye apate kuja. Wakili alinieleza kwa upole, kisha akarudia alipoona nimekodoa macho tu: nikitoka nje ya nchi hii kabla ya kujibiwa, inahesabika nimelitupa ombi mwenyewe, langu na la Festo. Hakuna kuanza upya. Neno lake ni moja, subiri. Nikimuuliza mpaka lini, anapandisha mabega.

Basi nasubiri. Nyumba ya Bi Loretta, huyu bibi ninayemtunza, ina kibaraza na miti mikubwa mbele, ukiona picha utasema Kandida kaukata. Lakini mimi ndimo ninamofanyia kazi na ndimo ninamolala. Mlango wa chumba changu haufungwi, ili nimsikie akiita. Nikipata mapumziko naenda Silver Spring kununua sembe na dagaa, narudi. Na siku hizi hata safari hiyo ni roho mkononi. Watu wanakamatwa, wengine unasikia hata karatasi walikuwa nazo, kwa hiyo treni ikifika stesheni tunachungulia kwanza ndipo tushuke. Nimejifunza kutembea nisionekane. Sicheki kwa sauti. Simu ya Kiswahili sipokei njiani. Mimi, Dada! Mimi niliyekuwa natolewa mstari wa mbele kwenye kwaya kwa sababu nawafunika wenzangu!

Nilimwambia Wanjiku, yule Mkenya ninayekutana naye dukani, naye anatunza wazee, kwamba nimechoka, nataka nije tu, liwalo na liwe. Alikuwa anachagua majani ya chai. Hata hakuniangalia.

"Wacha mchezo, Kandida. Ukitoka hapa umetoka. Mimi babangu alizikwa nikimwangalia kwa simu, na network ikapotea kabla hata hajashushwa. Nikabaki nikiangalia uso wangu mwenyewe kwa hiyo kioo."

Akalipia majani yake, akaondoka. Nilibaki pale nimeshika mfuko wa unga mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Sasa nikupe habari ya jana, na ndiyo iliyonipa jibu, ingawa utashangaa jibu limetoka kwenye mchezo wa besiboli.

Bi Loretta anaupenda mchezo huo kupita chakula. Marehemu mumewe alikuwa akimpeleka, na binti yake anayeishi Arlington bado anamnunulia tiketi ya mechi ya mwisho kila mwaka, ila yeye mwenyewe hana nafasi ya kwenda. Kwa hiyo anayekwenda ni mimi na kiti cha magurudumu. Miaka yote niliuona mchezo huu kama watu wanaosubiri basi. Mmoja anarusha mpira, mmoja ana rungu anaupiga au anaukosa, halafu wote wanatema mate na kurekebisha kofia. Kumbe kinachowashika ni hesabu. Kila kitu kinahesabiwa: umesimama mara ngapi, umepiga mara ngapi, umekimbia, umeangusha mpira. Hata kosa lako linaandikwa, tena linawekwa kwenye ubao uwanja mzima ulione. Nikawaza, hii ingekuwa kwetu ukoo ungevunjika kabla ya saa sita.

Na hesabu yao ina huruma ya ajabu. Mpigaji akisimama mara kumi, akafanikiwa mara tatu tu, wanasema ana mia tatu, yaani kwa kila elfu, na huyo ni fundi, watoto wanavaa fulana ya jina lake. Mara saba amekosa! Kwetu ukikosa mara saba mfululizo wanakutafutia mganga. Nilimwambia hivyo Bi Loretta akacheka mpaka akakohoa.

Kipenzi chake ni kijana mmoja kutoka visiwa vya huko kusini, wanamwita Beto. Timu yenyewe ilishapoteza matumaini zamani, hata wangeshinda jana wasingekwenda popote. Ila ratiba ni ratiba, mechi zilizobaki lazima zichezwe. Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili, nalijua. Kilichobaki ni namba za mtu mmoja mmoja, na Beto aliamka jana na mia tatu yake kamili. Akikaa benchi, mwaka unafungwa na mia tatu, inaandikwa hivyo milele. Akiingia akakosa, inashuka.

Kocha akamweka benchi.

Bi Loretta alikasirika utadhani amenyang'anywa uji. "Wamemfungia kabatini kama sahani za wageni," akasema. "Mchezaji anacheza. Namba ya kulindwa kwa kukaa ni namba gani hiyo?"

"Bibi, mwache akae," nikamjibu. "Huenda ana watu wanaomtegemea. Akikaa kuna anachopoteza?"

Nilimjibu kwa ukali, Dada, mpaka mwenyewe nikajishangaa. Nilimtetea yule kijana kama nimemnyonyesha. Nilikuwa namtazama pale kwenye benchi, kajifunga jaketi kivulini, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, wenzake wanaingia na kutoka, yeye yupo tu. Nikajisemea, huyo naye ana wakili.

Sikuwa na muda wa kuwaza sana, maana nina kazi pale uwanjani. Mashabiki wa zamani huwa na kadi yenye vijumba, kila mpigaji na kijumba chake, unaandika kilichompata. Mikono ya Bi Loretta inatetemeka, kwa hiyo ananiambia mimi naandika. Mpigaji akikosa mara tatu akatolewa, tunaandika herufi K. Lakini kuna wanaotolewa bila hata kuzungusha rungu, mpira unapita wamesimama wanautazama. Hao K yao inageuzwa, inaangalia nyuma. Jana nilimuuliza kwa nini wasiandike sawa tu, si wote wametoka? Akaniangalia kama nimetukana. "Huyu alijaribu," akasema. "Huyu alitazama." Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika.

Mechi hii ina vipindi tisa. Tulifika cha mwisho, timu yetu imeachwa nyuma, watu wengine wameshaanza kukunja makoti. Mara upande mmoja wa uwanja ukaanza kuita: Beto! Beto! Ukaenea hadi kwetu. Yule kijana akawa anaangalia chini tu. Kisha nikamwona anavua jaketi. Akachukua rungu. Kocha akatikisa kichwa, wakanong'onezana, kocha akatikisa tena, halafu akampisha kwa mkono, kama mtu anayesema shauri yako.

Akatoka. Kutoka tu kwenye kile kivuli kuja juani, uwanja mzima ukasimama.

Dada, mimi sijui kilitoka wapi. Nilijikuta nimesimama, mkono mdomoni, ulimi umeshaanza wenyewe. Nilipiga kigelegele! Siyo cha kubana, Dada. Kile cha kwetu, cha kumtoa binti ndani, kirefu, kinapanda, kinakata, kinapanda tena. Wallahi nilisahau niko wapi. Safu nzima ikageuka. Mzee mmoja akavua kofia. Watoto wakaanza kuniiga vibaya vibaya, na mimi nikaongeza cha pili, kwa raha zangu, machozi yananitoka.

Halafu mama mmoja akanigusa bega, akanionyesha juu.

Kule kwenye skrini ya uwanja nilikuwa mimi. Mimi, Kandida, na kilemba changu cha kitenge, mdomo wazi, mkubwa kama nyumba ya ghorofa. Kamera yao ilinitafuta ikanipata. Maelfu ya watu wananitazama, na nani anajua huko nyumbani kwao wangapi kwenye televisheni. Mimi ninayechungulia stesheni! Nilianguka chini nikavuta blanketi lililokuwa magotini kwa Bi Loretta nikaingiza kichwa. Nikasikia uwanja unacheka, kicheko chema tu, walidhani naona haya. Lakini mimi nilikuwa nasali Salamu Maria na kuyachanganya maneno.

Nilikaa mle ndani. Blanketi linanuka dawa yake ya kuchulia magoti. Nikasikia watu wananyamaza, kisha wanavuta pumzi. Wananyamaza tena. Kisha sauti kubwa, kisha makofi, makofi yasiyokwisha. Nilipochomoa kichwa Beto alikuwa ameshageuka, anarudi benchi, rungu begani, watu wote wamesimama wanampigia.

"Amefanyaje?" nikauliza.

"Hukuona?" Bi Loretta alikuwa analia na kucheka. "Amekosa! Mara tatu, zote kazungusha kwa nguvu zake zote. Mia mbili tisini na tisa. Mungu ambariki."

"Sikuona."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Unakuwaje hapa hapa usione?"

Watu wote wale waliona, hata watoto waliolala mabegani waliamshwa wakaona. Mimi niliyempigia vigelegele nilikuwa chini ya blanketi. Nikachukua penseli, nikaandika K yake, imenyooka.

Kwenye treni Bi Loretta akaniuliza ile sauti ni ya nini. Nikamweleza kwamba ni ya furaha, na hasa binti anapotoka kwao kwenda kuolewa, mama na shangazi na majirani wote tunapiga. Akauliza kama wangu ameolewa.

"Bado. Mwezi wa kumi na mbili."

"Utakwenda, bila shaka."

Nikatazama dirishani. Akanishika mkono, akasema nisiwe na wasiwasi, atamwambia binti yake atafute mtu wa kushika zamu yangu. Anadhani ni suala la zamu, Dada. Ana roho nzuri kabisa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nikamwambia asante.

Nimelala na hilo jambo, na linaniuma hivi. Hofu ya kuonekana imeshapita kidogo. Wanjiku amenipigia akanicheka, anasema hakuna anayekuja kukamata mtu kwa kushangilia, ingawa na yeye aliposema hivyo sauti ilishuka. Kinachouma ni kile kigelegele. Kilikuwa cha Yasinta. Nimekitunza kifuani tangu nilipomwacha akiwa na sare za shule, nikasema siku yake ikifika nitakitoa Morogoro nzima isikie. Jana nimempa kijana nisiyemjua, halafu nikajifunika blanketi.

Jibu langu ni kwamba siji.

Najua utasema mbona habari yote ya Beto, si ni ya mtu aliyethubutu? Nimeifikiria hivyo hivyo, tena nusu ya usiku nilikuwa nimeshafunga begi kichwani. Lakini Beto aliweka hatarini namba yake mwenyewe. Kwenye yangu yumo Festo. Nikija kumkumbatia mmoja nitakuwa nimemfungia mlango mwingine, na Festo hataniambia kitu, unamjua alivyo, atacheka na kusema sawa mama. Siwezi. Nachukia kwamba siwezi. Kuna saa natamani wangenifungia kabisa kwa kufuli nipate wa kumlaumu. Mlango uko wazi, Dada, hata leo naweza kutoka. Kurudi ndiko hakuna. Nimebanwa, na nimechoka kujifanya naangalia uwezekano.

Na skrini hapana. Mwambie mwenyekiti namshukuru kwa wazo, ila aihifadhi awaonyeshee mpira. Nimeshakuwa kwenye skrini, najua. Watu wanakuona, wanakucheka vizuri, na wewe haupo. Sitaki Yasinta akabidhiwe na picha inayokwamakwama, mara mtandao ukatike mdomo wangu ukiwa wazi, ukumbi mzima useme masikini ya Mungu. Saa ile ya sherehe itakuwa asubuhi huku kwetu. Nitampikia Bi Loretta uji wake, nitafungua redio, nitasali. Nitazima simu. Usinipigie mpaka kesho yake.

Kwa hiyo nakuomba hivi, na hili ni ombi la mdogo kwa mkubwa wake, sikuagizi. Nimesikia kamati wamepanga vitenge kwa makundi, cha mashangazi rangi yake, cha mama wakubwa na wadogo rangi yake, cha mama mzazi peke yake. Usikate cha mama wakubwa. Kata cha mama mzazi, kikutoshe wewe. Ukae kwenye kile kiti, ule keki kutoka mkononi mwake, umkabidhi kwa mkono wako. Na yule mshereheshaji muonye mapema asiseme "kwa niaba ya mama yake". Sitaki neno hilo litamkwe. Aliyekaa naye wodini alipougua tumbo ni nani? Aliyemfokea alipotaka kuacha shule ni nani? Mimi nilikuwa sauti ya simu. Wewe ni mama yake mkubwa, na kwetu huyo ni mama, hatukuanza sisi. Ila jifunze kulia vizuri, maana wewe ukilia unakunja uso kama umekanyaga msumari, na kuna mpiga picha.

Barua hii usimsomee Yasinta yote. Mwambie nimesema siji, mwambie kwa nini, usimfiche la Festo, ila Festo mwenyewe asijue kwamba yeye ndiye sababu. Akikasirika mwache akasirike. Ana haki.

Nisalimie kaka yetu Fidelis, mwambie kwenye meza ya mahari asiwe mkali sana kwa wakwe, lakini asiwe laini pia. Nisalimie shemeji, mumeo, na asante kwa kuvumilia watoto wangu kama wake. Mpe shikamoo yangu mama wa jirani aliyenisaidia kumlea Yasinta akiwa mchanga, najua macho hayaoni tena, mshike mkono umwambie ni ya Kandida. Festo mwambie asome. Yasinta mbusu, na mchumba wake mwambie nimemwona kwenye picha, suruali ni fupi lakini uso ni wa mtu mwema.

Siku hiyo, Dada, mshereheshaji akisema mama wa Yasinta ajitokeze mbele, usigeuke kuangalia mlangoni kama kuna mtu anakuja. Simama. Umeitwa wewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Kandida